Barua ya wazi: Mgogoro wa mtu ambaye hakufukuzwa bali hakuitwa huanza lini?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, kwa Ndugu Kamishna wa Kazi, na kwa Ndugu Mkurugenzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

YAH: MUDA WA KUWASILISHA MALALAMIKO YA UBAGUZI KATIKA AJIRA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kutoka Mafinga, wilayani Mufindi. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa karani wa mahudhurio katika shamba moja la chai ambalo sitalitaja hapa, na tangu nistaafu ninafanya kazi ya msaidizi wa kisheria, yaani ninakaa na watu, ninasikiliza, ninawasaidia kujaza fomu, na mara nyingine ninapanda nao basi hadi Iringa mjini ambako Tume ina ofisi. Sina shahada ya sheria. Ninachokijua nimekipata kwa kuisoma sheria yenyewe mara nyingi, na kwa kuwaona wanaoihitaji wakirudi nyumbani mikono mitupu ilhali sheria ilikuwa upande wao.

Naomba kwanza nieleze jinsi mtu anavyopoteza kazi huku kwetu, kwa sababu nadhani walioandika kanuni walikuwa na ofisi ya mjini akilini. Mjini mtu hupewa barua. Huku mchumaji wa chai wa msimu hapewi barua. Mkataba wake huisha baridi inapoingia na majani yanapopungua, tuseme mwishoni mwa Juni, naye huambiwa aende nyumbani apumzike, mvua zikirudi ataitwa. Novemba au Desemba mvua hurudi. Watu hukusanyika alfajiri kwenye uwanja wa mahudhurio, ukungu bado umetanda, mnyapara anasimama na orodha na kuanza kusoma majina. Anayesomwa huchukua kikapu. Asiyesomwa husubiri mpaka orodha iishe, kisha huuliza, naye hujibiwa kwamba idadi imetosha. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna tarehe, hakuna sahihi wala muhuri.

Orodha ile nilikuwa nikiiandika mimi. Msimu mmoja, kabla ya mvua, niliagizwa kuiandika upya na kuacha majina ambayo mnyapara alikuwa ameyawekea nukta ya penseli. Yalikuwa majina kumi na moja, na yote yalikuwa ya wanawake. Hakuna aliyenieleza maana ya nukta zile na sikuhitaji kuelezwa, kwani vibali vyao vya kwenda kliniki vilipita mezani kwangu: baadhi yao walikuwa wajawazito, na wengine walikuwa wakienda siku ambazo kila mtu kambini alizijua kuwa ni siku za kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Niliandika orodha kama nilivyoagizwa. Sisemi hili ili nihurumiwe, bali mjue kwamba ninayosema kuhusu ushahidi nayasema kama mtu aliyewahi kuuficha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwasahau wanawake wale. Kifungu chake cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, katika sera au utaratibu wowote wa ajira, kwa misingi ambayo kimeitaja waziwazi, ikiwamo kabila au mahali mtu alikotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na hali ya maisha. Kifungu hichohicho kinasema kwamba unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi hiyo ni ubaguzi. Kisha kinafanya jambo ambalo watu wengi, wakiwamo baadhi ya mawakili niliozungumza nao, hawalikumbuki: kinasema kwamba kwa madhumuni ya kifungu hicho neno mfanyakazi linamjumuisha pia mwombaji wa kazi. Kwa hiyo mchumaji aliyesimama uwanjani akingoja jina lake lisomwe hawezi kuambiwa kwamba mkataba wake ulishaisha na hana la kudai. Hata kama si mfanyakazi tena, ni mwombaji, na mwombaji analindwa.

Zaidi ya hapo, sheria imeugeuza mzigo wa kuthibitisha. Mlalamikaji akishaonyesha ushahidi wa awali kwamba alibaguliwa kwa msingi mmojawapo wa ile iliyotajwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba alichokifanya hakikutokana na msingi huo, au kwamba kinaangukia katika yale machache yaliyoruhusiwa, kama vile sifa ambayo kazi yenyewe inaidai. Busara ya jambo hili naifahamu vizuri. Mchumaji hana orodha na hana daftari la vibali. Vyote viko kabatini mwa mwajiri, na karani anayejua kilichotokea analipwa mshahara na mwajiri huyohuyo.

Tatizo langu, waheshimiwa, halimo ndani ya kifungu cha 7. Tatizo liko mlangoni.

Malalamiko ya kazi huanzia Tume, ambayo wengi huku tunaiita CMA, kwa fomu namba moja. Fomu hiyo inamtaka mlalamikaji aandike tarehe ambayo mgogoro ulitokea. Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, ambalo ndilo lenye kanuni za usuluhishi na uamuzi, linasema kwamba mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi uwasilishwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, na migogoro mingine yote ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Sasa naomba mnisaidie kuijaza fomu ya mmoja wa wale kumi na moja. Tuandike tarehe gani?

Tukiandika siku mkataba ulipoisha, yaani 30 Juni, basi siku 30 zinakwisha tarehe 30 Julai, na siku 60 zinakwisha tarehe 29 Agosti. Agosti huku ni baridi na vumbi. Mama yule yuko kijijini anapalilia bustani ya bondeni akiamini kwamba Novemba ataitwa, kwa kuwa ameitwa misimu minne mfululizo. Muda wake wa kudai umekwisha miezi mitatu kabla ya kutendewa jambo analolidai. Tukiandika siku orodha iliposomwa, tumekaribia haki kidogo, lakini siku hiyo alichokijua ni kwamba hakuitwa, hakujua sababu. Aliambiwa idadi imetosha, naye akaamini, maana kweli kuna misimu ambayo idadi hutosha. Sababu yenyewe huja kujulikana baadaye, pengine Februari au Machi, mnyapara anapoteleza ulimi kilabuni, au mchumaji mwenzake anapomwambia kwamba nafasi yake alipewa binti mgeni asiyejua hata kuchagua majani mawili na chipukizi. Hapo ndipo huja kwangu. Ninahesabu siku kwa vidole na kumwambia amechelewa.

Najua mtanijibu kwamba kanuni zinaruhusu maombi ya kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Ni kweli, na nimewahi kuyaandaa. Mwombaji hutakiwa kueleza amechelewa kwa kiasi gani na kwa nini, kesi yake ina matumaini gani, na upande wa pili utaathirika vipi, tena kutojua sheria hakuhesabiwi kuwa sababu ya msingi. Maana yake ni kwamba mama aliyeishia darasa la saba anatakiwa ashinde kesi ya kwanza, dhidi ya mwajiri mwenye wakili, ili apewe ruhusa ya kufungua kesi ya pili. Wengi huacha hapo. Nauli ya kwenda Iringa na kurudi kwa mahudhurio mawili au matatu, ukijumlisha na siku za kibarua zinazopotea, humtosha mtu kununulia mbolea ya nusu eka, hata kama Tume yenyewe haitozi ada yoyote.

Kuna kikwazo kingine cha mlangoni. Kifungu cha 35 cha sheria ileile kinasema kwamba masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, iwe ni chini ya mkataba mmoja au zaidi. Masharti hayo yana kazi yake. Lakini nimeshuhudia zaidi ya mara moja mtu akirudishwa kutoka mezani, kabla hata fomu yake haijapokelewa, kwa maneno kwamba hajatimiza miezi sita. Kifungu cha 35 kinahusu sehemu ya sheria inayoshughulikia kuachishwa kazi, wala hakigusi kifungu cha 7, ambacho hakina kima cha chini cha muda wa utumishi na ambacho, kama nilivyosema, kinamlinda hata mtu ambaye hajafanya kazi siku moja. Malalamiko ya ubaguzi na malalamiko ya kuachishwa kazi ni mambo mawili, na anayepokea fomu hana mamlaka ya kuyachanganya. Aliyefanya miezi minne na akaachwa kwa sababu ya mimba ana haki ya kusikilizwa juu ya mimba hiyo.

Ninasisitiza suala la virusi vya UKIMWI kwa sababu ya mahali tulipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba mikoa mitatu yenye maambukizi makubwa zaidi kwa watu wazima nchini ni Njombe kwa asilimia 12.7, Iringa kwa asilimia 11.1 na Mbeya kwa asilimia 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Chai ya Mufindi, mbao za Mafinga, parachichi za Njombe na viazi vya Makete vinavunwa na mikono ya watu hawa. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya hali ya mtu na inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Lakini kambini siri haivujishwi na daktari, inavujishwa na kalenda. Anayeomba ruhusa siku ileile kila baada ya miezi kadhaa ameshajulikana. Mwajiri hahitaji kumpima mtu wala kumwuliza, anahitaji tu mnyapara mwenye macho na penseli. Ubaguzi wa namna hii hauwezi kugunduliwa ndani ya siku 60 na mtu anayebaguliwa, kwa kuwa umetengenezwa usionekane naye.

Niguse pia, kwa kifupi, ubaguzi wa kuzunguka, maana unaongezeka kadiri viwanda vya kufungasha matunda vinavyoongezeka. Tangazo la kazi ya kuchambua parachichi, kazi ya kusimama mezani na kutenga tunda bovu na zima, linataka mwombaji aweze kubeba gunia la kilo 50. Hakuna gunia kwenye meza ile. Sharti hilo halimtaji mwanamke wala mtu mwenye ulemavu, ila linawatoa wote wawili. Kwingine nimeona usaili ukifunguliwa kwa salamu ya kilugha, na wasiojua kuiitikia wakaelekezwa wasubiri nje. Naipenda salamu ya kwetu na nimeitikia kamwene tangu utoto, lakini salamu si cheti cha ajira. Hata hawa walioachwa nje kwa salamu, wengi wao hugundua kilichotokea miezi kadhaa baadaye, wanapokutana na wenzao waliochukuliwa.

Baadhi ya waajiri watasema kwamba muda ukirefushwa watashtakiwa kwa mambo ya kale ambayo hakuna anayeyakumbuka na karatasi zake zimeshachomwa. Hoja hii ina uzito mahali penginepo, hapa haina. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya kila mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Aliyeamriwa kutunza karatasi kwa miaka mitano hawezi kulalamika kwamba miezi kumi ni kale na kale. Na tazameni tulivyogawa mzigo: mwenye kabati ana miaka mitano ya kutunza, na asiye na kabati ana miezi miwili ya kugundua kilichomo.

Ninayoyaomba si makubwa. Muda huu haumo katika sheria iliyopitishwa na Bunge, umo katika kanuni, na kanuni inaweza kurekebishwa bila kungoja muswada. Naomba kanuni ya 10 ya Tangazo Na. 64 irekebishwe ili, kwa malalamiko ya ubaguzi, siku 60 zihesabiwe tangu siku mlalamikaji alipojua, au alipopaswa kwa hali ya kawaida kujua, msingi wa ubaguzi anaoudai. Fomu namba moja iongezewe mstari mmoja unaouliza tarehe hiyo. Mwajiri atabaki na haki yake ya kubisha kwamba mlalamikaji alijua mapema zaidi, na mwamuzi ataamua kwa ushahidi, kama anavyoamua mambo mengine yote.

Wakati marekebisho hayo yakingojewa, Ndugu Mkurugenzi anaweza kutoa waraka kwa ofisi za Tume, Iringa, Njombe, Mbeya na kwingineko, kwamba fomu ya mlalamikaji wa ubaguzi isikataliwe mezani kwa hoja ya miezi sita, na kwamba hoja ya muda isikilizwe na msuluhishi au mwamuzi, si na mtu wa mapokezi. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha, na ukiandikwa kwa Kiswahili utabandikwa na kusomeka.

Kwa Ndugu Kamishna nina ombi ambalo ni la moyoni zaidi. Kifungu cha 7 kinamtaka kila mwajiri asajili kwako mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi, na kinakupa mamlaka ya kumwagiza mwajiri auandae na kuusajili. Katika miaka yangu kumi na minane mezani sikuwahi kuona mpango huo, wala kuombwa kuupiga chapa, wala kusikia afisa kazi akiuulizia alipokuja kukagua. Aliulizia mabuti, aliulizia kima cha chini, akatia sahihi kitabu cha wageni akaondoka. Naomba uanze na waajiri wa mashamba na viwanda wanaoita wafanyakazi kwa msimu, na naomba mpango wa kila mmoja wao ueleze jambo moja bila kukwepa: nani huandaa orodha ya wanaoitwa, kwa vigezo gani, na kwa nini waliofanya kazi msimu uliopita na kutaka kurudi hawakuitwa. Sababu iandikwe mbele ya kila jina lililoachwa, na orodha itunzwe. Siku hiyo karani atakayeagizwa kuacha jina lenye nukta atalazimika kuandika kitu katika safu ya sababu. Mimi sikulazimika. Sina hakika ningekataa agizo lile kama ningelazimika, lakini najua kwamba ningeuliza niandike nini, na aliyeniagiza angelazimika kunijibu kwa mdomo wake.

Mheshimiwa Waziri, mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi, na miongoni mwa mambo mengine likaongeza muda wa likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti. Nilifurahi, kwa sababu nimewaona akina mama hao wakirudi shambani huku mtoto angali akinyonyeshwa kwa kijiko. Lakini likizo ni haki ya aliye kazini. Mama ambaye jina lake lilitolewa kwenye orodha mimba ilipoanza kuonekana hafiki kwenye likizo hiyo.

Miongoni mwa wale kumi na moja, watatu bado wanaishi karibu na hapa. Mmoja alinijia mwaka jana kuniletea binti yake, ambaye naye alikuwa hajaitwa, katika shamba jingine, baada ya kujifungua. Tulijaza fomu pamoja mpaka tukafika kwenye tarehe. Mama akanitazama akaniuliza niandike ipi. Fomu hiyo ninayo katika faili, imejazwa yote isipokuwa mstari huo, na ofisi yoyote kati ya hizi tatu ikitaka kuiona, jina likiwa limefunikwa, niko tayari kuileta mwenyewe.

Wenu katika utumishi,

Karani mstaafu na msaidizi wa kisheria,
Mafinga, Iringa.